Waliporudi LCD Soundsystem: tuliyoyasoma na tuliyoyasikia

Mwezi Septemba 2017 nilisoma tahakiki sita za albamu moja kabla sijaisikiliza albamu yenyewe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mpaka leo naamini kwamba mpangilio huo ulinipotosha. Albamu ni american dream ya LCD Soundsystem, bendi ya New York inayopiga roki ya kudansi, na ilitoka tarehe 1 ya mwezi huo. Wakati huo nilikuwa nikiishi Kijenge, hapa Arusha, na bando la simu nililokuwa nikimudu kununua lilitosha kusoma maandishi ya kutwa nzima, lakini halikutosha dakika zinazokaribia sabini za muziki. Hivyo nikasoma, nikarudia kusoma, na nilipozifikia nyimbo nilikuwa nimeshaambiwa nizisikie namna gani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na bendi hii, niieleze kwa ufupi. Kiongozi wake ni James Murphy, aliyezaliwa mwaka 1970, fundi wa studio na mpiga santuri kumbini ambaye mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa walioanzisha lebo ya DFA. Wimbo wao wa kwanza, ‘Losing My Edge’, ulitoka mwaka 2002, na ndani yake mtu anayeanza kuzeeka anaorodhesha kila tukio la muziki analodai kuwa alilishuhudia, huku akiwahofia vijana wanaokuja nyuma yake wakiwa na maarifa mengi kuliko yeye. Zikafuata albamu tatu, mwaka 2005, 2007 na 2010. Kisha tarehe 2 Aprili 2011 bendi iliaga katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa onyesho la karibu saa nne. Tiketi za onyesho hilo ziliporwa na walanguzi kiasi kwamba bendi ililazimika kuongeza maonyesho mengine manne katika ukumbi mdogo wa jiji hilohilo, ili wapenzi wao wa kawaida nao wapate nafasi ya kuaga. Mwaka 2012 ikatoka filamu kuhusu kuaga huko, na mwaka 2014 sauti za usiku huo zikatolewa katika kasha la santuri. Ulikuwa msiba ulioandaliwa vizuri, wenye matanga na arobaini yake.

Januari 2016 ikatangazwa kwamba bendi inarudi na kwamba itapiga katika tamasha la muziki la Coachella, huko California. Miaka mitano ilikuwa haijatimia.

Hapo ndipo ulipoanzia mjadala uliokuja kuizingira albamu. Baadhi ya wapenzi wa bendi waliona wamedanganywa, kwa sababu walikuwa wamesafiri na kulipa fedha nyingi ili wahudhurie mwisho ambao haukuwa mwisho. Murphy mwenyewe aliwaandikia barua ndefu na kuwaomba radhi wale waliohisi kusalitiwa, akasema kwamba njia pekee iliyobaki ni kufanya kazi nzuri. Kwa hiyo albamu ilipotoka, wahakiki hawakupewa nyimbo kumi tu wazipime, bali walipewa kesi ya kuamua, yaani kama mtu aliyeaga kwa machozi ana haki ya kupiga hodi tena.

Uamuzi wao ulikuwa mzuri kwa bendi, na hilo halina ubishi. Jarida la Pitchfork liliipa albamu alama 8.5 kati ya 10 na kuiweka katika orodha yake ya kazi mpya bora. Sifa kama hizo zilitoka katika magazeti mengi ya Marekani na Uingereza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake bendi ilishika nafasi ya kwanza katika Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Kinachonisumbua ni mlango ambao sifa hizo ziliingilia. Tahakiki zote sita nilizosoma zilianzia mwaka 2011, kwenye ukumbi ule na kwenye machozi yale, na nne kati yake zilifika katikati kabla hazijataja chombo kimoja kilichopigwa ndani ya albamu. Zilipofika kwenye nyimbo zilikwenda moja kwa moja kwenye maneno. Naelewa kwa nini inakuwa hivyo, kwa sababu maneno hunukulika kwa urahisi, ilhali kumweleza msomaji kwamba besi imechelewa kuingia na kwamba kuchelewa huko ndiko kulikomfanya ainuke kwenye kiti ni kazi ngumu inayohitaji sikio, subira na msamiati. Lakini hii ni bendi ya kudansi. Kuihakiki bila kuzungumzia dansi ni kukihakiki chakula kwa kusoma jina lake ukutani mwa mgahawa.

Sisemi kwamba wahakiki hawakufanya lolote la maana. Walioandika vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni wale walioifuata huzuni ya albamu hadi kwa David Bowie, mwanamuziki mkongwe wa Uingereza. Murphy alimfahamu Bowie katika miaka yake ya mwisho na alipiga ala za kugonga katika albamu yake ya mwisho, Blackstar, iliyotoka siku mbili tu kabla Bowie hajafariki tarehe 10 Januari 2016. Murphy amesimulia hadharani kwamba alipokuwa akisitasita kuirudisha bendi alimweleza Bowie wasiwasi wake, na Bowie akamuuliza kama jambo hilo linamkosesha raha. Alipokubali kwamba linamkosesha raha, Bowie akamwambia kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Wimbo wa mwisho wa albamu, ‘Black Screen’, unaozidi dakika kumi na mbili, ni maombolezo ya rafiki ambaye mwimbaji anajilaumu kwa kutomkaribia vya kutosha alipokuwa hai. Wahakiki walioandika kuhusu wimbo huo walinisaidia kweli, kwa sababu walinionyesha kwamba kurudi kwa bendi na kufa kwa mzee mmoja ni habari moja. Kama sikusoma kabla, huenda ningeupita wimbo ule nikidhani ni sauti za kinanda zinazozubaa.

Hata hivyo swali la haki ya kurudi liliendelea kunikera, na ilinichukua safari ya Moshi kutambua sababu.

Mjomba wangu anakaa Majengo, Moshi. Katika miaka ya 1970 alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya dansi ambayo sitaitaja, kwa kuwa iliondoka na fedha zake na yeye mwenyewe hapendi itajwe. Oktoba ile nilipanda basi kwenda kumwona, na safari hii nilikuwa nimeshaihifadhi albamu nzima kwenye simu na nimebeba spika ndogo. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, nilimsimulia habari yote ya bendi kuaga na kurudi, nikitarajia atoe hukumu yake kama wahakiki walivyotoa zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, kosa lao ni lipi?”

Nilijaribu kumweleza na nikajikuta sina maneno, kwa sababu kwa mtu aliyekulia katika dansi la Tanzania swali lenyewe halisimami. Bendi zetu hazikuwa na desturi ya kufa na kufufuka. Zilikuwa na desturi ya kubadilika. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, kisha ikawa Msondo Ngoma, kadiri jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki ilivyobadilika na hatimaye ilivyojitoa. Wanamuziki walihama na kurudi. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alitoka huko akaenda kuwa miongoni mwa waliojenga Mlimani Park, yaani Sikinde, mwaka 1978, mwaka 1985 akaingia katika Orchestra Safari Sound, na mwishowe akarudi kule alikotoka. Hata jiji letu hili lina sehemu yake katika kisa cha namna hiyo, kwa kuwa ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walipita Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaunda Arusha Jazz, wakavuka mpaka kwenda Nairobi wakawa Simba Wanyika, na mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao wakajitenga wakawa Les Wanyika. Hakuna aliyeandika makala kuuliza kama walikuwa na haki. Wapenzi walikwenda ukumbini Jumamosi, na jibu likapatikana kwa miguu.

Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013 alikuwa ameimba kwa zaidi ya miaka hamsini, na alifariki mwezi Aprili mwaka uliofuata. Mjomba alinikumbusha habari hiyo kwa sauti ya chini. Kwake yeye, kuaga ni kwa namna hiyo, mwili unapokataa. Mtu wa miaka arobaini na moja akisema anaaga, alisema, huyo amechoka tu, na aliyechoka hupumzika kisha akaendelea na kazi.

Sidai kwamba desturi yetu ndiyo kipimo cha bendi ya New York. Waliouziwa tiketi za kuaga waliuziwa kitu mahususi, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Ninachosema ni kwamba malalamiko hayo yanaihusu tiketi. Wahakiki walipoyabeba na kuyaingiza ndani ya albamu, hata wale waliomaliza kwa kuisamehe bendi, waliufanya msamaha kuwa ndiyo habari kuu, na muziki ukabaki kuwa ushahidi wa upande wa utetezi.

Turudi sebuleni kwa mjomba. Nilianza na ‘Tonite’, kwa kuwa ndio wimbo uliosifiwa zaidi kwa uchangamfu wake, na ndani yake Murphy anazungumza, karibu kama mtu anayehutubia, kuhusu nyimbo za redioni zinazotuambia kwamba usiku wa leo ndio wa mwisho. Kiingereza cha mjomba si cha kufuata maneno ya kasi ile, kwa hiyo alibaki na midundo peke yake. Aliusikiliza akasema ni mzuri lakini mashine inamtawala mpigaji. Nikampigia ‘Call the Police’, akatikisa kichwa kwa kuridhika pale magitaa yalipopanda. Kisha nikaweka ‘How Do You Sleep?’.

Wimbo huu una zaidi ya dakika tisa na umewekwa katikati ya albamu. Wahakiki wengi waliuandika kama barua ya hasira kwa mtu aliyekuwa mshirika wa Murphy katika DFA, wakachambua kila mstari wakitafuta nani alimfanyia nani nini. Inawezekana kabisa kwamba wako sahihi. Lakini fikiria namna ulivyojengwa. Unaanza na ngoma peke yake, nzito, za mbali, kama zinapigwa ng’ambo ya bonde. Sauti ya mwimbaji inakuja nayo kutoka mbali, ikipaza kama ya mtu anayemwita mwenziwe aliyekwishageuza mgongo. Hakuna besi. Dakika ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu inapita, na mwili wa msikilizaji unaanza kudai kitu ambacho haujui jina lake. Ndipo besi ya kinanda cha umeme inaposhuka, nene, yenye ukali, na wimbo ambao ulikuwa maombolezo unageuka kuwa wa kuchezwa, ilhali maneno hayajaacha kuwa ya uchungu.

Mjomba alikuwa ameegemea kiti. Besi iliposhuka aliketi wima.

“Huyu anajua kusubiri,” alisema.

Katika dansi la kwao wimbo una sehemu ya kwanza ya taratibu ambamo kisa kinasimuliwa, waimbaji wanapokezana na wachezaji wanashikana bila haraka, kisha linakuja chemko, pale magitaa yanapofumana, ala za upepo zinapoitikia, na ukumbi mzima unapoachana na kisa na kuingia katika mtindo. Mjomba alinieleza kwamba kipimo cha bendi kilikuwa uwezo wake wa kuzuia chemko. Bendi changa ilikimbilia huko mapema, kwa kuwa iliogopa kwamba watu wataketi. Bendi iliyokomaa iliwashikilia wachezaji katika sehemu ya taratibu mpaka wakaribie kulalamika, na mpiga ridhimu, yaani yeye, ndiye aliyekuwa akihisi kupitia vidole vyake kama wakati umefika. Alisema jambo hilo halifundishiki kwa kijana wa miaka ishirini, kwa kuwa kijana wa miaka ishirini hajapoteza kitu cha kutosha.

Sikuwa nimesoma sentensi yenye uzito huo katika tahakiki hata moja kati ya zile sita. Murphy alikuwa na miaka arobaini na saba albamu ilipotoka. Uzee ulitajwa katika kila tahakiki, lakini kama mada ya mashairi: anaimba kuhusu kuzeeka, kuhusu marafiki waliopotea, kuhusu asubuhi ya mtu aliyeamka mahali asipopajua. Wachache sana waliuona uzee katika midundo yenyewe, katika jinsi wimbo wa kwanza, ‘Oh Baby’, unavyokaa juu ya mlio uleule wa kinanda bila kuharakisha kuufungua, au jinsi wimbo uliobeba jina la albamu unavyoyumba kwa hesabu ya tatu kama mtu anayerudi nyumbani alfajiri. Albamu ya 2007, Sound of Silver, ambayo wahakiki wa Marekani waliipigia kura kuwa ya kwanza kwa mwaka huo katika kura ya gazeti la Village Voice, ni nzuri sana na ina kasi zaidi, na wapo walioilinganisha na hii mpya wakasema bendi imepungukiwa nguvu. Kwa sikio langu haikupungukiwa, ila imejifunza kuzuia, na jambo hilo lilihitaji mtu wa kuliandika.

Shutuma nyingine iliyojitokeza, hata katikati ya sifa, ni ya kuazima. Ilisemekana kwamba gitaa hili limetoka kwa Bowie wa mwishoni mwa miaka ya 1970, sauti ile ni ya bendi ya Talking Heads, na kinanda kile ni cha bendi ya New Order. Wanasema kweli, na Murphy hajawahi kuficha. Wimbo wake wa kwanza kabisa unaishia katika orodha ya majina ya bendi alizozipenda. Lakini nani katika muziki wa dansi hajaazima? Baba zetu walizipokea santuri za Kyuba zilizokuja Afrika Mashariki zikiwa na herufi GV, wakaiga rumba hata pale ambapo hawakuelewa neno la Kihispania, na kutokana na kuiga huko wakatengeneza kitu ambacho leo hakuna Mkyuba anayeweza kudai ni chake. Swali la maana kwa mwazimaji ni kama amekilipia alichokichukua kwa kukifanyia kazi. Katika ‘Change Yr Mind’ gitaa linalokwaruza ni la kuazima waziwazi, ilhali linatumika kubeba maneno ya mtu anayejiona hana jipya la kusema, na hapo azimo na kisa vimekutana. Mhakiki anayeishia kutaja chanzo amefanya nusu ya kazi.

Naandika haya nikiwa na wivu pia, na nisiufiche. Albamu moja ya bendi ya ng’ambo ilipata ndani ya wiki moja tahakiki nyingi kuliko ambazo bendi zetu nyingi za dansi zilipata katika maisha yao yote. Kazi kubwa ya wakati wa mjomba ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikapigwa hewani, na ushindani wa Msondo na Sikinde ukazungumzwa vibarazani kwa ufundi ambao haukuandikwa. Mzee mmoja wa Majengo anaweza kukueleza kwa nini ridhimu ya bendi fulani ilikuwa bora mwaka fulani, na atakapoondoka ataondoka na maelezo hayo. Ndiyo sababu inaniuma ninapoona watu waliopewa nafasi, wasomaji na malipo ya kuandika kuhusu midundo wakiitumia nafasi hiyo kujadili barua na tiketi.

Januari 2018 ‘Tonite’ ilipata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya dansi, na tuzo za mwaka huo zilitolewa New York, katika Madison Square Garden, palepale walipoagia. Nilimpigia mjomba simu kumwambia. Alifurahi kwa ajili yao, kisha akaniuliza kwa nini hawakuupa tuzo ule wimbo mwingine, wa ngoma za mbali.

Siku ile ya Oktoba tulimaliza na ‘Black Screen’. Nilimtafsiria kidogo, nikamwambia ni wimbo wa kumlilia mzee aliyemtia moyo arudi kazini. Alitaka kujua kama huyo mzee aliwahi kuisikia albamu, nikasema hapana, alifariki zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla haijatoka. Sauti ya mwimbaji iliisha, ikabaki piano peke yake ikiendelea kwa dakika kadhaa, na hatukuzungumza mpaka nayo iliponyamaza. Kwa mbali mtaani mtu alikuwa akigonga bati.

“Nirudishie ule wa ngoma,” mjomba akasema, akivuta kiti karibu na spika. “Nataka kuhesabu besi inaingia mdundo wa ngapi.”